Nyama ya Mbuzi Ikiwa Ngumu, Wacheni Kumlaumu Mchomaji

Wasee, leo tuongelee mbuzi.

Tangu niache chuo nimefanya vibarua kadhaa, kimoja kikiwa kuchoma nyama kwa baa moja hapa Nairobi. Kila wikendi lazima meza moja ingelalamika: "Hii ni nyama ama tairi?" Jioni bosi anakata 200 kwa malipo ya mchomaji. Na mchomaji hakununua mbuzi, hakumchinja. Alipewa tu mguu na makaa.

Ukweli ni kwamba ugumu huanza mapema. Kwanza, umri. Mbuzi akizeeka, nyuzi zinazoshikilia misuli hukazana, na moto wa haraka hauzilegezi. Mkinunua mbuzi mzima, mfungueni mdomo muangalie meno ya mbele, ya chini. Yakiwa madogo yote, huyo bado mdogo, mwaka mmoja hivi. Mawili makubwa, ako mwaka na kitu. Yote manane yakiwa makubwa, huyo ni mzee wa miaka minne hivi kwenda juu. Si mbaya, lakini ni wa supu. Mchemshe polepole masaa mawili matatu, zile nyuzi zinayeyuka na mchuzi unakuwa mzito.

Pili, hii mambo ya "amechinjwa saa hii." Inasikika poa, lakini masaa machache baada ya kuchinjwa, misuli hukakamaa. Ukiichoma ikiwa hivyo, utatafuna hadi kesho. Ikikaa kwa baridi ya digrii 0 hadi 4 siku moja au mbili, inalainika yenyewe.

Usiikimbize kwa friza ikiwa bado na joto, pia. Mbuzi ni mwembamba na hana mafuta mengi ya kumfunika, kwa hivyo anapoa upesi. Baridi kali ikiipata misuli kabla haijakakamaa, inajikunja na kuwa ngumu zaidi. Na kuiacha mezani siku nzima si kuipumzisha, ni kulisha bakteria.

Basi mkichanga pesa za choma, ulizeni mambo mawili: alikuwa mzee kiasi gani, na alichinjwa lini? Mwenye baa akikosa jibu, mumenyane na yeye. Huyo kijana wa makaa muacheni na 200 yake.