Laki Mbili za Kangomba

Glasgow, Uskoti

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza ndani ya basi nikitoka zamu ya usiku, na nilipofika nyumbani nikausikiliza tena. Unasema wakati wa masika, unga ulipokwisha na mtoto anaumwa, ulichukua laki mbili kwa tajiri mmoja pale Kibiti, kwa ahadi ya kumpa magunia mawili ya korosho msimu ukifika. Msimu umefika. Korosho umeshazipeleka ghalani kupitia chama cha msingi, na wenzako kijiweni wamekupa darasa: kangomba, yaani kununua korosho ya mkulima kwa njia za pembeni, imepigwa marufuku, hakuna hakimu atakayemsikiliza, akithubutu kudai atakamatwa yeye. Unaniuliza kama ni kweli.

Ni kweli. Tangu ulipokuja mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanzia Mtwara msimu wa 2007/2008, serikali inataka korosho ipite chama cha msingi, ghala na mnada. Unakumbuka mwaka 2018, wanunuzi walipoleta bei ya kukatisha tamaa, Rais Magufuli akaamua serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malori ya jeshi yakaingia kusini, na wakulima wakahakikiwa mashamba yao ili wa kangomba wasilipwe. Kwa hiyo tajiri wako hana pa kukushitaki. Lakini kama jambo lenyewe lingekuwa limekutulia moyoni, usingenitumia ujumbe wa dakika saba.

Nikwambie ninayoyaona huku. Uskoti ina sheria ya mwaka 1973: deni la mkataba likikaa miaka mitano, mdai hajaenda mahakamani na mdaiwa hajalikiri, deni hilo linakufa. Linakufa kabisa, kana kwamba halikuwahi kuwapo. England jirani ni miaka sita, na kule deni lenyewe hubaki, ila likishapitwa na muda mdaiwa hawezi kulazimishwa na mahakama. Nasi kwetu Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971 imeweka miaka sita hiyohiyo kwa madai ya mkataba.

Kijana mmoja wa nyumbani, ambaye tulikula naye Iddi hapa Glasgow, aliniambia waziwazi kwamba anahesabu. Alikopa benki, akachukua na simu ya mkataba, kisha akahama nyumba mara tatu bila kuacha anwani. Bado miezi kumi na moja. Barua za wadai hazifungui, asije akajibu kitu kikaonekana ni kukiri deni. Ana kazi nzuri, ana gari. Alikuwa anaeleza hayo huku watoto wake wanatusikiliza, na pilau ikanikwama kooni.

Halafu kuna mama mmoja tunayefanya naye kazi ya kulea wazee. Mumewe alipooza, mshahara mmoja ukakatika, kadi za mkopo zikawa ndizo zinazonunua mkate. Nilimsindikiza kwa mshauri wa madeni, ambaye hatozi hata senti. Akatoa kila karatasi aliyokuwa nayo mkobani: kodi ya nyumba, umeme, dawa, mshahara. Ikaonekana hana cha kulipia. Huku kuna namna ya kufilisika iliyowekwa kwa wenye kipato kidogo na madeni yasiyozidi pauni 25,000, na baada ya miezi sita mtu hufunguliwa kutoka kwenye madeni hayo. Alifunguliwa. Siku aliyopata barua alikaa kwenye ngazi za nyuma za kazini akalia, nami nikakaa naye. Sitakubali mtu yeyote amwite yule mama tapeli.

Ukiwatazama juu juu, wote wawili wametumia sheria kuliepuka deni. Mimi naona wako mbali sana. Mmoja alijitokeza mbele ya wadai wake na kuwaonyesha mifuko mitupu; mwingine amejificha na mifuko iliyojaa. Sheria za namna hii zilitungwa kwa ajili ya mtu kama yule mama. Yule kijana ameziona zimeachwa wazi kama mlango wa nyuma, naye akapita.

Noti za Benki ya Scotland ninazolipwa zina picha ya mwandishi Walter Scott. Mwaka 1826 kampuni ya uchapaji aliyokuwa na hisa ndani yake, pamoja na wachapishaji wake, zilianguka, naye akabaki na deni la pauni 120,000 hivi, utajiri wa kutisha kwa zama zile. Angeweza kujitangaza muflisi. Akakataa. Akakubaliana na wadai wamwache na kalamu yake, akaandika mchana na usiku, mgonjwa na mjane, mpaka akafa mwaka 1832, na deni lililobaki likamalizwa na mapato ya vitabu vyake baada ya kufa kwake. Watu wa huku wanamsifu sana, nami namsifu. Ila lazima niseme lote: jumba lake la Abbotsford alikuwa ameliandikisha kwa jina la mwanawe mwaka mmoja kabla ya anguko hilo, kijana alipooa, na wadai hawakuweza kuligusa. Hata mtu wa namna ile alikuwa na kona moja ambamo sheria ilimkinga. Basi sikuhukumu wewe wa kwetu Dimani uliyekopa kwa sababu ya unga.

Wala mimi si msafi. Nilisomeshwa na Bodi ya Mikopo ya wanafunzi. Mwenzangu aliyeajiriwa nyumbani hukatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi kabla haujamfikia. Mimi niko huku, mwajiri wangu haijui Bodi wala Bodi haimjui yeye, na miaka imepita hakuna aliyenigusa. Nilijipa sababu. Nilisema ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo inaongeza deni kuliko ninavyoweza kulipa. Mwaka 2021 Rais Samia akaifuta, sababu yangu ikaisha, na bado sikulipa. Fedha hiyo ndiyo inayokopeshwa kijana mwingine, labda wa kutoka Dimani hiyohiyo, aliyemaliza kidato cha sita na hana shangazi wala mjomba Ulaya. Nilipomsikiliza yule kijana wa Iddi nilijiona mimi mwenyewe. Mwezi uliopita nimeanza kulipa, na nitaendelea.

Sasa tajiri wako. Nimepiga hesabu. Magunia mawili ya kilo themanini ni kilo 160. Mnada ukifika hata shilingi 3,000 tu kwa kilo, hiyo ni shilingi 480,000 kwa laki mbili alizokupa miezi michache iliyopita. Na kile chombo chake cha kupimia tunakijua, hakijawahi kuwa kilo halali. Sehemu hiyo simtetei. Kumpa magunia yake ni kumlipa mtu kwa kukukamata ukiwa na njaa, na serikali ina haki kuipiga vita biashara hiyo. Magunia hayo usimpe. Lakini laki mbili ni zake. Alizitoa mfukoni, ukazipokea kwa mkono wako, mtoto akapata dawa. Marufuku ya kangomba imewekwa kumlinda mkulima asinyonywe. Haikumpa mkulima fedha za mtu.

Unakumbuka mazishi ya babu? Jeneza limeshawekwa, baba mkubwa akasimama akatangaza kama desturi yetu ilivyo: anayemdai marehemu ajitokeze. Mwanamke mmoja mgeni, aliyekuja kwa mtumbwi kutoka upande wa delta, akasema anamdai pishi mbili za kamba wakavu. Hana karatasi, hana shahidi, na ni za miaka mingi, kabla wewe hujazaliwa. Baba mkubwa hakumuuliza mwaka. Alimuuliza bei, akamlipa palepale kutoka kwenye rambirambi, ndipo tukambeba babu.

Malipo ya mnada yakiingia kwenye akaunti, kabla hujanunua bati, toa laki mbili uende Kibiti. Nenda na baba mkubwa awe shahidi. Mwambie tajiri kwamba magunia hayapo na hayatakuwapo, na hizi ni fedha zake kamili. Akikasirika mwache akasirike, ila asaini kwamba amepokea. Kama malipo yamechelewa, nenda hivyohivyo umwambie yamechelewa, akuone uso. Ukitoka kwake nipigie, hata kama huku ni usiku.

Kaka yako