SEHEMU YA 9: Hamira, wapagazi na chupa ya "nguvu za seli"



Wengi mmeniuliza swali moja: ile chupa inayouzwa mitaani kwamba "inaongeza mitokondria" ili mtoto mnyonge achangamke, tununue? Jibu langu ni hapana. Leo nataka ujue kwa nini, na mwalimu wetu ni hamira ile ile unayotia kwenye maandazi.

Hamira ni kiumbe hai, kila punje ina seli nyingi. Ndani ya seli kuna mitokondria, yaani vijiko vidogo vinavyochoma chakula kwa hewa ya oksijeni na kutoa nguvu. Mimi na wewe tunavyo pia. Mwanao alivipata kwako wewe mama, kupitia yai.

Sasa angalia. Ukiipa hamira sukari nyingi, inachachusha tu, haina haja ya vijiko vingi, kwa hiyo inavipunguza. Sukari ikiisha, inabaki na pombe iliyoitengeneza yenyewe. Kuitumia pombe hiyo lazima iwe na mitokondria, basi inaviongeza. Inajuaje? Mojawapo ya protini zinazotoa amri ya kuvijenga inaitwa Hap4. Hamira inaitengeneza, na hapo hapo inaivunja haraka. Fikiria ndoo iliyotoboka chini ya bomba: maji yatakayobaki yanategemea bomba na tundu, vyote viwili. Kwa njia hiyo seli inabadili amri upesi hali inapobadilika.

Kuvunja huko si uharibifu. Protini isiyotakiwa hubandikwa alama iitwayo ubikwitini, kisha inakatwakatwa na vipande vinatumika tena. Waliogundua uvunjaji huo wa protini kwa alama, Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Mwaka 2016 akapata Yoshinori Ohsumi wa Japani, aliyetumia hamira kuonyesha jinsi seli inavyokula sehemu zake zenyewe. Hata mitokondria iliyochakaa huondolewa hivyo.

Kwa hiyo seli ndiyo inayopima. Inajenga kwa mahitaji, inabomoa kwa mahitaji.

Kwetu Tabora mfano upo. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji, wakapita hapa Unyanyembe, wakashuka mpaka Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Kazi ilikuwa ngumu na wengi walifia njiani. Lakini mwili unaotembea hivyo siku baada ya siku huongeza mitokondria kwenye misuli. Watafiti wamelipima jambo hilo tangu miaka ya 1960. Ni mwendo na chakula vilivyowajengea, wala si chupa.

Turudi kwa mtoto wako. Akiwa mnyonge, hachezi, anachoka upesi, kwa huku kwetu fikiria kwanza malaria, upungufu wa damu, minyoo, au chakula kisichotosha. Mitokondria inahitaji oksijeni, na oksijeni hubebwa na damu. Damu ikipungua, vijiko vinakosa hewa, hata viwe vingi namna gani. Yapo magonjwa ya kurithi ya mitokondria, ni nadra, na hayo ni ya daktari bingwa.

Shida ya ile chupa si hela tu. Ni siku tatu unazosubiri "ifanye kazi" huku malaria inamaliza damu ya mtoto.

Mtazame viganja. Vikiwa vyeupe, au ana homa, anapumua haraka, ana degedege, au anashindwa kunyonya, usisubiri asubuhi. Njoo kituoni usiku huo huo, apimwe malaria na wingi wa damu.

Hela ya chupa nunua dagaa, maharage, mchicha na mayai. Mtoto aliye chini ya miezi sita, maziwa yako yanatosha.

Sehemu ya 10 tutaongelea minyoo. Mtumie mama mwenzio hii.