Neno la Upole Ziwani

Tulishuka kutoka Mbinga, nchi ya vilima vya Wamatengo, ambako wakulima huchimba mashimo ya ngoro ili mvua isichukue udongo wa mashamba yao. Tukafika Mbamba Bay, tukapanda boti kwenda Liuli. Ulikuwa mwezi wa Julai, wakati upepo wa kusini-mashariki, uitwao mwera, uvumapo kwa nguvu juu ya Ziwa Nyasa.

Hatujaenda mbali, mawimbi yakaanza kuingia chomboni. Watu wakapiga kelele, huyu akiwaita wanawe, yule akimlaumu nahodha. Nahodha alikuwa akisema, wala hapana aliyemsikia. Nasi, kwa mazoea ya darasani, tukasimama tukapaza sauti: "Kimya! Nyamazeni!" Kelele zikazidi. Mzee mmoja akatuuliza, "Mwalimu, je, sisi ni watoto wako?" Tukaketi kwa haya.

Ndipo bibi mmoja Mnyanja akainua mkono, akasema polepole: "Chonde, wenzangu, khalani chete. Tumsikie nahodha." Chonde katika Kinyanja ni neno la kusihi, kama "tafadhali"; khalani chete ni "kaeni kimya". Mtoto huambiwa khala chete. Bali watu wengi, au hata mkubwa mmoja, huambiwa khalani, kwa heshima. Wahispania nao hupambanua hivyo: cállate ni neno la kumwambia mtoto au rafiki, bali kwa wageni husema silencio, por favor, yaani "kimya, tafadhali".

Aliyekuwa karibu na bibi akanyamaza, kisha wa pili, hata wote. Sasa nahodha akasikiwa: watu waketi chini, mizigo iwe katikati, wawili wachote maji. Tukafika Liuli salama, nguo zimelowa.

Bandari hiyo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, kwa ajili ya jiwe lake kubwa. Hapo, mwezi wa Agosti 1914, Waingereza katika meli Guendolen waliipiga kwa mzinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann. Ziwa hili limesikia sauti kubwa. Lakini siku ile tuliokolewa na sauti ndogo.

Walimu wenzetu, nanyi wazazi, bibi yule hakuamuru tu. Alitoa sababu, tena alijihesabu pamoja nasi. Siku hizi darasani twasema, "Wanangu, tafadhali, tumsikie mwenzetu." Hawanyamazi upesi kila mara, bali wakinyamaza, husikiliza.