Usiikague Boti Ikiwa Kavu

Mtwapa, Jumapili jioni

Mpwa wangu mpendwa,

Picha zako zote kumi na moja zimefika. Nilizitazama kwanza kwenye simu, kisha binti yangu akanifungulia kwenye kompyuta nizione kubwa. Huku sote wazima. Mama yako yuko kwangu tangu Ijumaa na amenitaka nikukataze kununua boti kabisa. Nimemwambia sitakukataza. Wewe umelala utotoni ndani ya mashua ya babu yako, na sasa una kazi ya kudumu hapo Southampton. Huwezi kuishi kando ya bahari ile ukitazama matanga ya wenzako tu. Nunua, ila hii usiinunue kwa namna ulivyonieleza.

Umesema ni Westerly Centaur ya 1974, futi 26, ya mikuku miwili. Umechagua vizuri. Boti hizo zilitengenezwa hapo Uingereza kuanzia 1969 hadi 1980, zaidi ya 2,000, na faiba yake ni nene. Mikuku miwili itakufaa, maana maji yakipwa boti husimama yenyewe juu ya tope, huna haja ya kuitegemezea magogo. Kilichonishtua ni picha ya saba, ile ya ubavu wa kushoto chini ya mstari wa maji. Umeandika chini yake: "Vipele vidogo tu, mwenyewe anasema vikikauka vinaondoka." Ni kweli vitaondoka, na mimi hilo ndilo linaloniogopesha.

Sisi tumelelewa na mbao. Babu yako alikuwa akiipweleza mashua wakati wa bamvua, anailaza ubavu, anaibabua chini kwa moto wa makuti, anaikalafati kwa pamba kisha anaipaka deheni ya shahamu na chokaa. Alijua mbao inakunywa maji, na alitaka inywe, kwa sababu mbao iliyokunywa hufura ikabana mishono yake. Faiba watu wengi hudhani haina kiu. Inayo. Ngozi yake ya nje, gelkoti, ni kama nusu milimita tu, na maji huipenya kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Yakifika ndani hukuta mabaki ya resini ambayo haikuiva sawasawa siku boti ilipomwagwa kwenye kalibu, pamoja na gundi iliyoshika nyuzi za mkeka wa glasi. Mabaki hayo huyeyuka yakawa maji mazito, machachu. Tangu hapo ni yenyewe yanayovuta maji ya nje, kwani maji mepesi huyafuata mazito kupitia ngozi ile nyembamba. Mfuko hujaa, hukosa pa kwenda, ukainyanyua gelkoti. Hilo ndilo lengelenge, na huko kwenu utasikia wakiuita ugonjwa huo osmosisi.

Jambo hili limechunguzwa. Chuo Kikuu cha Rhode Island kule Marekani kililifanyia kazi kwa ajili ya Walinzi wa Pwani, na ripoti ilitoka 1987. Siku hizi watengenezaji wengi hutia resini ya vinilesta nyuma ya gelkoti ili kuzuia maji. Boti ya 1974 haina kinga hiyo. Kwa hiyo chombo cha umri huo kuwa na malengelenge machache si ajabu wala si aibu. Muulize tu mwenyewe iliwekwa wapi miaka yote hii. Ikiwa ilikaa ziwani au mtoni, fungua macho zaidi, maana maji matamu hupenya kwa nguvu kuliko ya chumvi. Joto nalo huharakisha. Yoti zinazofungwa hapa horini kwetu hukaa mwaka mzima ndani ya maji ya nyuzi 25 na zaidi, na nimeona zikitoa malengelenge mapema kabisa.

Sasa sikia kuhusu kukauka. Boti ikipandishwa nchi kavu ikakaa miezi miwili kwenye upepo, maji yaliyomo kwenye mifuko ile hupungua, ngozi hulala, nawe utapitisha kiganja usihisi kitu. Ugonjwa umo ndani vilevile. Umeniambia boti iko majini hadi sasa na picha ulizipata kwa mwenyewe. Basi atakapoipandisha, uwe umesimama pale. Ikishaoshwa kwa pampu tu, washa tochi, iegemeze karibu na ubavu ili mwanga uteleze juu ya faiba, na utaona kila uvimbe na kivuli chake. Pitisha kiganja. Hesabu, na upime upana wa kila mmoja.

Omba ruhusa ukwangue rangi mahali kama pa ukubwa wa sahani. Uvimbe ukitoka pamoja na rangi na gelkoti ikabaki laini, ni rangi ya chini tu iliyoumuka, wala usihangaike. Ukibaki, toboa mmoja. Vaa miwani ya kazi kwanza, maana yale maji yamekaa kwa shinikizo na yatakurukia usoni. Yakinuka kama siki na kunata vidoleni, umepata jibu.

Gonga pia kwa nyundo ndogo ya plastiki. Faiba nzima hujibu kwa sauti kali, iliyoachana matabaka hujibu kwa sauti nzito kama ya boga. Hiyo ya pili ndiyo ya kuogopa. Lengelenge la juu ni la ngozi, lakini matabaka yakiachana ni nyama.

Mkaguzi utamtafuta wewe, asitafutwe na muuzaji. Kampuni nyingi za bima hudai ripoti yake kwa boti ya umri huu, kwa hiyo fedha hiyo haipotei. Atakuwa na kipima unyevu. Usiogope namba atakazosoma saa ile boti imetoka majini, kwa kuwa kila boti husoma juu saa hiyo, na maji yaliyolala kwenye ngama hudanganya kipimo. Mwambie apime juu ya mstari wa maji na chini yake, akueleze tofauti.

Nakuja kwenye lile ulilonieleza kwa furaha, kwamba mwenye boti amejitolea kuipaka epoksi chini, bure, kabla ya kukukabidhi. Kataa. Nina sababu, na sababu hiyo niliinunua kwa gharama.

Mwaka 1998 mwenye yoti mmoja aliniletea chombo chake hapa Mtwapa, kina malengelenge sitini na kitu. Alikuwa na haraka ya kuondoka. Niliyafungua yote kwa grinda, nikayaosha mara moja kwa mpira wa maji, nikayaacha juani wiki tatu. Faiba ilikuwa ya moto, huwezi kuweka mkono, na kipimo kilishuka. Nikajaza, nikapaka epoksi mikono mitano, akaondoka ameridhika. Haukupita mwaka na nusu akaniandikia: malengelenge mapya yametokea pembeni mwa yale niliyoyaziba, na mengine juu yake. Jua lilikuwa limekausha maji, likaacha uchafu. Ndani ya mabaki yale mna glaikoli, na glaikoli haichemki mpaka nyuzi 188. Hakuna jua wala upepo wa kuiondoa. Huondoka kwa kuoshwa na maji matamu ya moto, boti ikauke, ioshwe tena, ipimwe, ioshwe tena, kwa wiki na pengine miezi, mpaka kipimo kikishuka kisipande. Ukipaka epoksi kabla ya hapo umeufungia ugonjwa ndani. Nilimrudishia yule bwana fedha zote za kazi. Hata leo kazi ile inanikera.

Kwa hiyo boti iliyopakwa epoksi juzi, na mwenyewe hana karatasi ya vipimo vya unyevu vya tarehe tofauti tofauti, naihesabu kuwa mbaya kuliko yenye vipele ninavyoviona.

Na bei? Anataka pauni 4,000. Kuchuna gelkoti yote, kuosha, kukausha ndani ya banda na kupaka upya kunaweza kuzidi bei ya boti nzima. Usifanye hivyo kwa Centaur. Malengelenge yakiwa machache na ya juu, mtake ashushe bei, uanze kusafiri nayo, na kila majira ya baridi inapokuwa nchi kavu fungua yale makubwa, yaoshe kwa subira, yajaze kwa epoksi. Miaka yote niliyofanya kazi hii sijaona chombo kilichozama kwa malengelenge. Nimeona vilivyozama kwa vali ya choo iliyooza. Ukiwa ndani, inua mbao za sakafu utazame pale mikuku inapoungana na mwili. Boti hizi hujulikana kwa kunyumbuka mahali hapo, na nyingi zimeongezwa faiba kwa ndani. Ukiona nyufa zinazotambaa, au maji yenye kutu, ondoka hata kama ubavu ni laini kama yai.

Muuzaji amekupa mpaka Ijumaa utie saini. Mwandikie leo usiku kwamba utanunua baada ya boti kupandishwa na kukaguliwa, na kwamba hapo katikati asipake chochote chini. Akikataa, zipo nyingine hapo Solent.

Siku itakapopandishwa nipigie kwa video kabla maji hayajakauka ubavuni. Nitakuwa karakana, lakini simu nitaishika mkononi.

Mjomba wako