Utani wa Babu Yangu

Watu wengi hudhani kuwa mtu mcheshi ni mtu mwepesi, na kwamba anayewachekesha wenzake hana uchungu wake mwenyewe. Mimi pia nalidhani hivyo mpaka siku tuliyomzika babu yangu, mwaka 2018, katika kijiji kilicho karibu na Kalenga, Iringa. Nataka kumkumbuka hapa, si kwa kuwa alikuwa mtu mkubwa, maana hakuwa na cheo wala mali, bali kwa kuwa alinifunza jambo ambalo kwa miaka mingi nalikuwa nikiwafundisha wengine pasipo kulielewa.

Babu alizaliwa Uhehe katika miaka ya 1930. Ujana wake uliangukia siku ambayo Wahehe hawaisahau, tarehe 19 Juni 1954, siku kilipopokewa kichwa cha Mtwa Mkwawa. Msomaji anajua habari hiyo. Mkwawa alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, nao wakamkata kichwa na kukipeleka kwao. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikitoe, lakini hakikuonekana mpaka Gavana Edward Twining alipokitafuta katika jumba la makumbusho la Bremen. Yeye mwenyewe alikuja Kalenga kukikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu. Babu alikuwako, kijana wa miaka 20 hivi, amesimama nyuma kabisa ya umati. Sisi wajukuu tulipomwuliza aliona nini siku ile kubwa, alijibu kwa uso mkavu: "Kichwa cha Mtwa sikukiona. Lakini visogo vya Wahehe nilivihesabu vyote."

Reli ya Tanzania na Zambia ilipoanza kujengwa mwaka 1970, aliacha shamba akaenda kuomba kazi. Alifanya kazi katika kipande cha Mlimba hadi Makambako, ambacho kilikuwa kigumu kuliko vyote kwa wingi wa madaraja yake na mahandaki yaliyotobolewa katika milima. Hakujua Kichina, na Wachina aliofanya kazi nao hawakujua Kihehe. Alituambia kuwa walikubaliana kucheka kwanza, maneno yatakuja baadaye, na kwamba reli ilikwisha kabla maneno hayajafika. Juu ya mwenzake mmoja aliyefia kazini hakufanya mzaha hata siku moja. Alipolitaja jina lake alivua kofia, akanyamaza kidogo, kisha akaendelea na habari nyingine.

Reli ilipokamilika alipata kazi stesheni, akahamia Mbeya na jamaa yake. Huko ndiko nilikozaliwa, katika ua mmoja wenye nyumba mbili, chini ya mlima Loleza. Nyumba moja ilikuwa ya Babu na Bibi, ya pili ya baba na mama. Mama yangu ni Mnyakyusa wa Rungwe. Kwao mkaza mwana hamtazami baba mkwe usoni, hapiti njia moja naye, wala halitaji jina lake. Kwa Mhehe desturi hiyo ilikuwa kali kupita alivyozoea, na jirani zetu walimshauri Babu amwambie mwanamke yule aiache, maana sasa alikuwa ameolewa ugenini. Yeye alikataa. Alisema mgeni akija na mzigo wake, mwenye nyumba humwonyesha mahali pa kuutua, hamwambii autupe.

Basi alibuni njia yake. Kila jioni alipofika langoni alipiga honi ya treni kwa kinywa, mara mbili, tena kwa sauti iliyosikika nyumba ya tatu. Mama akisikia alisogea nyuma ya nyumba au akageukia ukuta, treni ikapita na mwavuli wake na kapu la viazi, ikaingia stesheni. Siku alizorudi usiku alipiga honi ndogo, kwa kuwa, alisema, treni ya usiku haiwaamshi abiria wa daraja la kwanza. Watoto tulicheka hata tukalia. Hatukujua kuwa katika mchezo ule mtu mzima alikuwa akimpa mkaza mwana wake heshima kila siku ya Mungu, na kumwondolea hofu ya kukutwa ghafla. Miaka ile yote mama hakuaibika hata mara moja.

Kwa wajukuu hakukuwa na pazia. Dada yangu alimwita mke wake mdogo, akimlalamikia kuwa hapiki. Mimi aliniita mwizi aliyekuja kumnyang'anya Bibi. Lakini alijua pia kutumia utani pale ambapo wengine hutumia fimbo. Nilipokuwa na umri wa miaka 9 nilikula sukari yote iliyowekwa kwa ajili ya wageni, nikakana. Babu hakukasirika. Aliliweka kopo tupu mezani, akaliapisha, akaliinamia kwa sikio kama hakimu anayemsikiliza shahidi mgonjwa. Akatikisa kichwa, akaniambia: "Shahidi anasema hataki kukutaja, kwa kuwa mmekuwa marafiki." Nilicheka, na katikati ya kicheko nikaungama. Hukumu yake ilikuwa kwamba mimi na yeye tutakunywa chai kavu mwezi mzima, mimi kwa kuiba na yeye kwa kutokufunga kabati. Akainywa chai ile siku zote 30 mbele yangu, bila kunung'unika. Tangu hapo naweza kusema kwa haki kwamba sikumdanganya tena, mpaka nilipokuwa mtu mzima.

Alipostaafu alirudi kwao Iringa. Mimi nilikwenda Dar es Salaam kusoma, nikapata shahada ya kwanza, ya pili na ya tatu, nikawa mwalimu wa Kiswahili katika chuo kikuu. Kila Desemba nilikwenda kumsalimu. Nilikaa naye kibarazani na karatasi za wanafunzi magotini na simu mkononi, nikimwitikia "naam, Babu" pasipo kusikia. Yeye alinitazama kwa muda, kisha akaanza utani ambao hakuuacha tena. "Kichwa cha Mkwawa," alisema, "kilirudi Kalenga bila mwili. Mjukuu wangu hurudi mwili, kichwa hukiacha Dar es Salaam." Na mara nyingine alisema: "Adam Sapi alibahatika. Yeye mjukuu alipokea kichwa cha babu yake. Mimi babu nangoja kichwa cha mjukuu wangu, wala sijui niandike barua kwa gavana gani." Nilicheka kama wote waliokuwapo, na usiku huo nikaendelea kusahihisha.

Hapana budi niseme kuwa katika miaka hiyo hiyo nalikuwa nikifundisha habari za utani. Niliwaeleza wanafunzi makala ya A. R. Radcliffe-Brown ya mwaka 1940, inayosema kuwa utani na kuepukana ni njia mbili za kulinda amani kati ya watu ambao ujamaa wao una mahali pa kugongana, na kuwa babu na mjukuu ni watani katika makabila mengi. Niliwaeleza aliyoyaandika Monica Wilson juu ya Wanyakyusa, ambao yeye na mumewe Godfrey waliishi kwao katika miaka ya 1930. Niliyasema yote hayo kwa ufasaha. Haikunijia hata mara moja kwamba ua wetu wa Mbeya ulikuwa na njia zote mbili ndani ya ukuta mmoja, wala kwamba mzee wa Kalenga alikuwa akiniambia neno zito kwa njia pekee ambayo ingeniacha na heshima yangu.

Katika mwaka ule wa 2018 alinipigia simu. Sauti ilikuwa imepungua. "Mwalimu, kichwa kimefika wapi?" Nikamjibu: "Kiko njiani, Babu. Nina mitihani ya kusahihisha, majuma mawili tu." Nilisema kiko njiani, na hakikuwa njiani. Akacheka taratibu: "Haya. Ila kisikae miaka 56." Siku ya tisa nikaletewa habari kuwa amefariki.

Nilipanda basi la alfajiri, nikapita Morogoro na Mikumi, tukapanda Kitonga, na fikira zangu zote zilikuwa juu ya majuma yale mawili. Mama na ndugu wa Mbeya walikuwa wamefika usiku kwa njia ya Makambako na Mafinga. Nilikuta matanga yamejaa watu, na katikati ya watu nikakuta watani. Wahehe na Wangoni walipigana vikali katika karne ya 19, na vita vile vilipokwisha viliacha utani, ambao huonekana zaidi wakati wa msiba. Mzee mmoja wa Kingoni, jirani yake Babu wa miaka mingi, alikuwa amevaa koti la marehemu na kofia yake. Alikalia udongo wa kaburi akidai alipwe kwanza, la sivyo Mhehe huyu arudishwe nyumbani akaoge. Watu walicheka. Mimi nilikasirika. Niliona ni dharau mbele ya mtu niliyempenda, nikasimama nikamkataze.

Ndipo yule mzee alipopiga honi ya treni, mara mbili, kama ilivyopigwa langoni kwetu. Mama yangu, mwenye umri wa miaka zaidi ya 60, aliyekuwa ameketi na wanawake, aliinuka akasogea kando na kuugeuza uso wake. Alifanya hivyo bila kufikiri. Alipotambua kuwa njia ni tupu, na kwamba hapana wa kupita, alijifunika kanga usoni akalia kwa sauti. Hakuwa amelia tangu Mbeya.

Mzee yule akashuka juu ya udongo, akanijia. Hakunisalimu. Alinigonga kichwani kwa kidole, mara moja, kama mtu anayebisha mlango, akawageukia watu akasema: "Kimefika. Mzikeni sasa." Watu walicheka tena, nami nilicheka pamoja nao huku machozi yakinitoka, na kwa mara ya kwanza tangu nilipopata habari niliweza kulia.

Nimeufikiria sana msiba ule. Msamaha wa kifo hauwezi kutolewa na aliyekufa, na jamaa waliohai huona haya kuutoa. Mtani peke yake aliweza kunishitaki mbele ya wote na kunifungulia papo hapo. Naamini Babu alimwachia kazi hiyo kwa makusudi, kwa kuwa alimsimulia habari za kichwa changu. Lakini hata kama hakukusudia, utani wake ulikuwa umekwisha kuiandaa njia.

Sasa nikifundisha somo lile naanza na kopo la sukari, kisha ndiyo makala ya mwaka 1940. Na kila Desemba nakwenda kwa mama Mbeya. Karatasi za wanafunzi nazifungia Dar es Salaam. Nikifika langoni sipigi honi, maana mimi si mkwe wake, lakini nyakati nyingine treni halisi hupita mbali, huko bondeni, ikalia. Mama huacha alichokuwa akifanya. Nami hunyamaza, nikaisikiliza pamoja naye mpaka ipite.