Mtoto wa Plastiki

Mtoto wa kwanza kufa mikononi mwangu alikuwa wa plastiki.

Nilikuwa mwaka wa pili wa uuguzi. Mdoli ule wa mafunzo hujazwa maji ya vuguvugu ili ulegee kama kichanga, na mwalimu hubana vipira vidogo kuufanya ulie au upumue. Siku ile hakubana chochote.

Nilifuata hatua zote. Nikamkausha, nikamsugua mgongo, nikakata kitovu, nikaweka barakoa na kuanza kuminya ambu. Kifua hakikupanda. Nikaminya kwa nguvu zaidi, nikihesabu kwa sauti. Dakika ikaisha. Wenzangu wakacheka.

"Hatua umezifuata," mwalimu akasema. "Lakini kifua kilikuwa kinakuambia nini?"

Sikuwa na jibu. Kumbe kichwa nilikirudisha nyuma mno, hewa haikupita. Nilikuwa nakariri, sikuwa natazama.

Mafunzo hayo ya kuwasaidia watoto kupumua yalianza kujaribiwa Tanzania mwaka 2009, katika hospitali 8. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionesha vifo vya vichanga ndani ya saa 24 vilipungua kwa asilimia 47. Takwimu hizo nazo nilizikariri, kwa ajili ya mtihani.

Kisha nikapangiwa zahanati jirani na Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika. Hospitali ya mkoa iko Sumbawanga, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara, juu kwenye uwanda wa Ufipa. Usiku mmoja alizaliwa mtoto ambaye hakulia. Tulikuwa mimi, mama yake, na bibi aliyetumulikia kwa tochi ya simu.

Kifua hakikupanda. Mikono ikataka kuminya zaidi. Nikaizuia. Kinaniambia nini? Nikaweka kichwa sawa. Bado. Nikatazama kinywani: ute. Nikausafisha, nikaibana barakoa upya, nikaminya taratibu.

Kikapanda. Kidogo tu, lakini kikapanda.

Alipolia, bibi aliketi sakafuni na tochi yake. "Nesi, mwanangu," akasema, kisha akashindwa kuendelea.

Siku hizi wanafunzi wakija kwa mazoezi, mimi ndiye ninayejaza mdoli maji. Nasimama pembeni, vipira mkononi, na sibani. Ni vigumu kumtazama mtu akikosea ukanyamaza. Lakini nanyamaza, mpaka aache kuhesabu na aanze kutazama.