Miji Niliyoacha Kuimaliza

Kazi yangu ni kuchaji betri za taa za wavuvi wa omena hapa Kisegi, upande wa Gwasi katika Kaunti ya Homa Bay. Mashua zikishaondoka jioni sina shughuli mpaka alfajiri, na kwa miaka kadhaa saa hizo nilizitumia kuwa mfalme wa Ufaransa.

Mchezo wenyewe ni Medieval II: Total War, wa mwaka 2006, ambao tangu 2022 unapatikana hata kwenye simu. Unaanza mwaka 1080 ukiwa na miji michache na una zamu 225 za kukufikisha 1530. Kampeni ndefu inadai majimbo 45. Wanaoucheza watanielewa nikitaja Milan tu. Unamtuma balozi avuke milima ya Alps kwa miguu, mnaelewana, unatoa pesa, unamwoza binti yako kwa mwana wao, na muda si muda meli zao zimefunga bandari yako ya Marseille. Ukiwachapa hadi wakabakiwa na mji mmoja, kisha ukawapa amani pamoja na hela juu yake, wanakataa! Ukitaka kuwamaliza, Papa anakuonya uache kumpiga Mkatoliki mwenzako, la sivyo akutenge na Kanisa.

Mwishoni ndipo panapochosha zaidi. Ukishamiliki nusu ya ramani hakuna anayekutisha, ila kila mji ulio mbali na mji mkuu unaasi kwa sababu ya umbali huo tu. Unaurudia, unauteka upya, na mchezo unakuuliza: uukalie, uupore, au uwaangamize wakazi? Mchezaji mzoefu anajua jibu lenye faida. Waangamize, kwa kuwa wachache hawana nguvu ya kuasi, na hazina inanona. Nilikuwa nabonyeza hapo huku natafuna njugu.

Kisha binamu yangu akanivuta twende Thimlich Ohinga, kule Migori. Nilikwenda nikitarajia ngome, na kwa macho ni ngome kweli. Kuta ni za mawe matupu, hayana saruji wala udongo wa kuyashikisha. Yamepangwa yakaumana, unene wa kuta ni kama mita moja, na penye kimo kirefu zinafika mita 4 na nusu. Milango ni mifupi mno. Lazima uiname, kwa hiyo anayeingia kwa ubaya anatanguliza kichwa. Mwenye kujenga vile alikuwa na wezi wa ng'ombe akilini, na wanyama wa porini pia. Tangu 2018 mahali hapo pamo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia.

Nilimuuliza aliyetuongoza ni nani aliyeiteka. Swali lilimshangaza. Alichotueleza ni habari ya kuhama: watu walijenga karne ya 16, wengine wakaondoka, wengine wakaja, wenye lugha za Kibantu na Wajaluo, wakaziba palipobomoka na kuingiza mifugo yao, hivyo hivyo mpaka katikati ya karne ya 20. Mamia ya maboma ya namna hiyo yametapakaa eneo hili. Nilizunguka ukuta wa Kochieng, ule mkubwa, nikijaribu kufikiria mchezo wangu ungeyaandikaje hayo. Haukuwa na kitufe cha kazi hiyo.

Nyumbani nilimsimulia dani, yaani nyanya yangu, na nikamwonyesha skrini. Alisikiliza habari ya kuangamiza mji, akauliza, "Nyakwara, mjukuu wangu, sasa mashamba yao analima nani?"

Sisi Wagwasi tunahesabiwa miongoni mwa Wasuba. Wazee husema baadhi ya mababu walivuka ziwa wakikimbia Buganda, baada ya Kabaka Junju kuuawa katika vita na ndugu yake Semakookiro mwishoni mwa karne ya 18. Kwa hesabu ya mchezo, hao ni walioshindwa, rangi yao imefutwa kwenye ramani. Kumbe walikuja huku, wakavua, wakaoana na Wajaluo, na leo wengi wetu tunaota kwa Dholuo. Olusuba, lugha ya Wasuba, inazimika bila vita vyovyote. Sisemi ndoa ni laini kuliko upanga. Dani amebaki na maneno ya mama yake machache ya kuhesabika, na hana wa kumlaumu.

Hata mikataba naitazama kwa jicho jingine. Katika ziwa letu kuna Migingo, mwamba usiofika ekari moja, unaogombaniwa na nchi mbili. Polisi wa Kenya na wa Uganda wamewahi kukaa juu yake kwa pamoja, na samaki wakaendelea kupimwa kwenye mizani. Hakuna aliyeshinda, na hakuna aliyeondoka.

Nacheza bado, hasa mbalamwezi ikiwa kali na wavuvi wa omena wamepumzika. Ila miji ya mbali inayoelekea kuasi nampa balozi akaigawe kwa majirani, na adui aliyebaki na mji mmoja namwacha nao. Zamu ya 225 ikiisha, mchezo unatangaza kwamba nimeshindwa, na binamu yangu anacheka sana. Mwezi huu nimeanza upya nikiwa Milan. Mpaka sasa Ufaransa ndiyo iliyotangulia kuvunja mkataba.